Asaimenti amepata zote, mtihani ameanguka: tatizo la fizikia vyuoni liko wapi?

Mwaka jana, Jumapili moja jioni, dada yangu alinipigia simu. "Kaka, huyu mwanao amerudi nyumbani na mkoba wake wote. Asema hiyo uhandisi haitaki tena. Njoo uzungumze naye." Mwanangu aliyemkusudia ni mwanawe yeye wa kwanza, mpwa wangu, ambaye alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja humu nchini. Nilivaa viatu nikapanda tuktuk.

Nilimkuta barazani ameinamia simu. "Shikamoo mjomba," akasema, kisha akanyamaza. Mama yake alituletea chai na mahamri akatuacha peke yetu. Tulikunywa kikombe kizima kabla hajasema neno.

"Fizikia si yangu, mjomba. Wenzangu wamezaliwa nayo. Akili yangu haiishiki."

Nilimwomba anionyeshe matokeo yake. Asaimenti za fizikia zilikuwa tano: tisa, nane, kumi, tisa, tisa, zote juu ya kumi. Mtihani wa mwisho alipata asilimia 29, na alama ya kupita ni 40.

Mtu akiziona nambari hizo atasema mtihani ulikuwa mgumu kupita kiasi, au mhadhiri hafundishi. Nami nilidhani hivyo. Lakini karatasi ya mtihani alikuwa nayo kwenye simu, na nilipoisoma niliona maswali mawili ni ndugu wa maswali ya asaimenti, yamebadilishwa nambari tu. Nikampa kalamu na karatasi, nikamwambia afanye upya swali moja la asaimenti ya kwanza, lile alilopata alama zote. Alilitazama kwa dakika kumi. Hakujua aanzie wapi.

"Siku ile ulilifanyaje?"

Alitazama chini. "Kwenye grupu, mjomba."

Alikuwa na maana ya grupu la WhatsApp la darasa. Mmoja afanya hesabu, apiga picha ya daftari lake, na wengine hamsini au sitini wananakili usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Simwandiki hapa ili kumwaibisha. Nimemwomba ruhusa naye amenipa. Naandika kwa sababu nimefundisha fizikia katika shule ya upili hapa Pwani kwa miaka kumi na saba, na kila mwaka wapo vijana wetu wanaokwenda vyuoni kusomea uhandisi, ualimu wa sayansi, ubaharia au tiba, kisha wanarudi na maneno yale yale: si yangu, sina kichwa cha fizikia. Familia imeuza kipande cha shamba, au kijana ameshachukua mkopo wa HELB, na kozi inaachwa kwa jambo ambalo naamini aghalabu si upungufu wa akili. Ni namna kazi ya nyumbani inavyofanywa, namna makosa yanavyotazamwa, na namna hofu na haya zinavyoachiwa kutawala. Mambo haya matatu yameshikana, na ukilitengeneza moja ukaacha mengine hupati kitu.

Kila mtu ana fizikia yake kabla ya kusoma

Kwanza tufahamu kwa nini somo hili lina tabia yake. Mwanafunzi anayeanza historia ya Uchina hana habari nayo, kwa hivyo akilini kuna nafasi tupu ya kuijaza. Fizikia si hivyo. Tangu utotoni tumeviona vitu vikianguka, vikisukumwa, vikigongana, na kila mmoja wetu amejijengea maelezo yake. Mengi katika maelezo hayo si sahihi, lakini yametutumikia vizuri maishani, kwa hivyo hayaondoki kwa kuambiwa mara moja darasani.

Chukua mfano huu ambao huwauliza wanafunzi wangu. Lori la mchanga na tuktuk zimegongana uso kwa uso. Je, lori limeigonga tuktuk kwa nguvu kubwa kuliko tuktuk ilivyoligonga lori? Darasa zima huitikia ndiyo, na wengine hucheka kwa nini mwalimu auliza jambo lililo wazi. Jawabu la fizikia ni hapana. Nguvu ni sawasawa pande zote mbili. Ndiyo sheria ya tatu ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687: ukikisukuma kitu, nacho chakusukuma kwa nguvu ile ile.

Mbona basi tuktuk ndiyo iliyokunjika kama karatasi? Kwa sababu nguvu moja haifanyi kazi moja kwa vitu vyenye uzito tofauti. Lori likiwa la tani 20 na tuktuk pamoja na abiria wake ikiwa nusu tani, basi tuktuk ni nyepesi mara 40, na mwendo wake hubadilika ghafla mara 40 zaidi ya ule wa lori. Kinachoumiza watu ni mabadiliko hayo ya ghafla. Na bati lenyewe la tuktuk si imara kama chuma cha lori.

Sasa linalonistaajabisha ni hili. Wanafunzi wale wale waliojibu vibaya wanaweza kuikariri sheria ya tatu neno kwa neno. Wanayo vinywani, ila haijafika kwenye picha ya lori na tuktuk iliyomo vichwani mwao.

Usidhani ni tatizo la Pwani au la Kenya peke yake. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, ameeleza mara nyingi jinsi alivyojiona ni mwalimu bora, kwani wanafunzi wake walimsifu na walifaulu mitihani migumu. Kisha akasoma kazi za watafiti wa Arizona waliotunga maswali mepesi ya maneno, yasiyo na hesabu, kuhusu nguvu na mwendo. Akawapa wanafunzi wake akiamini yatakuwa kama mchezo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza: ajibu kwa namna alivyofundishwa, au kwa namna yeye mwenyewe anavyofikiri? Mazur alishtuka. Kumbe kijana alikuwa na fizikia mbili kichwani, moja ya mtihani na moja ya maisha, na hazikuwa zimekutana.

Mwaka 1998 mtafiti Richard Hake alikusanya matokeo ya maswali ya namna hiyo kutoka kwa wanafunzi 6,542 katika kozi 62 za Marekani. Waliofundishwa kwa mhadhara wa kawaida, yaani mwalimu asema na wao waandika, kwa wastani walijifunza chini ya robo ya yale waliyokuwa hawayajui mwanzoni mwa kozi. Waliofundishwa kwa kushirikishwa, kujadiliana na kujaribu wenyewe, walikaribia nusu. Kusikiliza tu, hata kama msemaji ni hodari, hakuing'oi ile fizikia ya zamani. Ni lazima mwanafunzi mwenyewe aingie kazini.

Kazi ya nyumbani ni kukwama

Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapohusika. Wengi huiona kama deni la kulipa: mhadhiri ametaka karatasi, nimempa karatasi, tumemalizana. Kwa mtazamo huo kunakili si kosa kubwa, kwani karatasi imefika. Lakini faida ya kazi ya nyumbani haimo katika karatasi iliyokabidhiwa. Imo katika zile dakika ishirini ambazo mwanafunzi ameketi na swali, amejaribu njia moja ikakataa, amejaribu nyingine ikakataa, mpaka akatambua ni wapi hasa hajui. Kukwama huko ndiko kazi yenyewe.

Katika chuo cha MIT, kikundi cha mwalimu David Pritchard kilichunguza jambo hili kwa njia ya werevu. Kazi za nyumbani zilifanywa kwenye kompyuta, na mtambo uliandika muda ambao kila mwanafunzi alichukua. Mtu aliyefungua swali refu na kulijibu sahihi papo hapo, bila hata muda wa kulisoma, ni dhahiri jawabu alilipata kwingine. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Waliona kunakili huongezeka kadiri saa ya kukabidhi inavyokaribia. Na waliona jambo ambalo nataka kila kijana alisome mara mbili: wale walionakili sana hawakuanza wakiwa na uwezo mdogo kuliko wenzao. Walianza sawa. Ila mwisho wa muhula, katika maswali ya mtihani yanayotaka hesabu, walikuwa wameachwa mbali.

Kwa hivyo mpwa wangu aliposema wenzake wamezaliwa nayo, alikuwa akiuona mwisho wa safari na kudhani ndio mwanzo wake.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, nisije nikaeleweka vibaya. Kusoma pamoja si kunakili. Huyo Mazur alibadilisha ufundishaji wake kwa jambo dogo: auliza swali, kila mmoja ajibu peke yake kwanza, kisha wageukiane na jirani na kila mtu ajaribu kumridhisha mwenzake kwa hoja, kisha wajibu tena. Mara nyingi jawabu la pili huwa bora kuliko la kwanza. Aliyeelewa jana hukumbuka bado ni wapi palipomtatiza, na humweleza mwenzake kwa lugha iliyo karibu naye. Tofauti yake na grupu la WhatsApp ni kwamba hapa kila mtu amekwama kwanza, ndipo akasaidiwa. Kwenye grupu picha imefika kabla mtu hajalisoma swali.

Nao wahadhiri wana sehemu yao. Kazi ikikabidhiwa leo na kurudishwa baada ya wiki nne, ikiwa na alama tu bila neno, mwanafunzi ameshasahau alichokuwa akifikiri. Sisi tuliosoma chuoni utotoni twajua vizuri. Mwalimu wa madrasa akusikiliza ukisoma, na ukikosea herufi akusimamisha papo hapo, uirudie mpaka ikae. Kisha kuna muraja'a, kuyarudia ya zamani ili yasipotee. Hakuna mzazi wa Kiswahili anayeshangaa kwamba usomaji hufunzwa hivyo. Ila mtoto yule yule akifika chuo kikuu twatarajia aelewe fizikia kwa kusikia mara moja na kukabidhi karatasi.

Kujitazama baada ya kukosea

Hata anayefanya kazi yake mwenyewe anaweza kupoteza nusu ya faida, iwapo akimaliza hurukia swali linalofuata bila kutazama nyuma.

Nitatoa mfano wa daftari la mpwa wangu. Swali lilikuwa hili: nazi imeanguka kutoka kileleni mwa mnazi wenye urefu wa mita 20, inafika chini kwa kasi gani? Alizidisha 10, ambayo ni kiasi cha uvutano wa ardhi, kwa 20, akapata mita 200 kwa sekunde. Akapiga mstari wa mwisho, akafunga daftari.

Nikamwambia, "Igeuze iwe kilomita kwa saa."

Akahesabu. "Mia saba na ishirini."

"Ni kitu gani kiendacho kasi hiyo?"

Alicheka mwenyewe. "Ndege, mjomba."

Mtoto aliyelelewa chini ya minazi anajua nazi haishuki kama ndege. Elimu hiyo alikuwa nayo tangu utotoni, ila hakuiita ije kumsaidia. Kosa lake lilikuwa dogo: alizidisha kwa urefu badala ya muda. Nazi hiyo huchukua sekunde mbili kufika chini, kwa hivyo kasi yake ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Bado inatosha kuua mtu, lakini ni kasi ya gari barabarani. Lau angejiuliza swali moja tu, "jawabu hili laingia akilini?", angeliona kosa kabla ya mhadhiri.

Huko ndiko kutafakari ninakokusudia. Ni kujiuliza maswali ya kawaida kabisa: jawabu laingia akilini? Hatua hii niliichukua kwa nini? Ni wapi nilipobahatisha? Swali hili lafanana na lipi la jana?

Mwaka 1989 mtafiti Michelene Chi na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, waliwaomba wanafunzi wasome mifano iliyokwisha kufanywa ya sheria za Newton huku wakisema kwa sauti wanayoyafikiria. Baadaye wakawapa maswali wayafanye. Waliofanya vizuri ni wale ambao wakati wa kusoma walikuwa wakijieleza sababu ya kila hatua. Tena ndio waliotambua zaidi pale wasipoelewa. Wale dhaifu walipita kwenye mifano wakidhani wameielewa. Ajabu ni kwamba aliyesema "hapa sielewi" ndiye aliyekuwa akielewa zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye majaribio ya maabara. Huko Harvard walipima jambo hili na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wanafunzi waliotazama tu mwalimu akionyesha jaribio mbele ya darasa walielewa takriban sawa na wale ambao hawakulitazama kabisa. Walioambiwa kwanza watabiri litakalotokea, ndipo wakatazama, walielewa zaidi. Aliyetabiri ameweka neno lake mezani. Jaribio likimkatalia, hana budi kujiuliza kwa nini. Asiyetabiri husema tu, "ndiyo, nilijua."

Hisia: shahidi asiyeaminika

Nimefika pale pagumu, nami nitaanza na nafsi yangu.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilianguka karatasi ya mwendo na nguvu. Nilipata 34. Matokeo yalibandikwa ukutani kwa nambari za usajili, lakini sote tulizijua nambari za wenzetu. Nilirudi chumbani, nikaikunja karatasi ile nikaitia chini ya godoro, na sikuitazama tena mpaka siku mbili kabla ya mtihani wa marudio. Makosa yangu yote yalikuwa mle ndani, yamepigwa wino mwekundu, na kila moja lingenionyesha njia. Sikuyatazama kwa haya. Mtihani wa marudio nilipita kwa alama mbili, na ninaamini ilikuwa rehema tu.

Ndiyo maana nasema mambo haya matatu yameshikana. Kutafakari ni kulitazama kosa lako, na kosa lako ndilo jambo ambalo haya inakukataza kulitazama. Mwenye haya hufunga daftari na kwenda kwenye grupu, kwa sababu picha ya mwenzake haimuumizi.

Hofu nayo ina hesabu yake. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, na swali la fizikia lataka nafasi kubwa: mchoro, nambari, sheria, hatua inayofuata. Watafiti wa saikolojia wameonyesha katika hesabu kwamba wasiwasi hukaa kwenye nafasi hiyo hiyo. Kijana anayejiambia "nitaanguka, mama atasema nini" huku akihesabu, ni kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji na bado aambiwa afungue mlango. Uwezo anao, mikono ndiyo imejaa.

Lakini hisia inayodanganya zaidi si hofu. Ni raha. Mwaka 2019 huko Harvard wanafunzi wa fizikia waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilisikiliza mhadhara mzuri, ulionyooka, wa mwalimu mzoefu. Kundi la pili lilifanyishwa kazi: maswali magumu, kujaribu, kukosea, kujadiliana, kisha ndipo wakaelezwa. Yaliyofundishwa yalikuwa yale yale. Baadaye wakapewa mtihani mfupi na wakaulizwa wanajionaje. Waliosikiliza mhadhara walisema wamejifunza zaidi. Mtihani ulisema kinyume: waliofanyishwa kazi ndio waliojua zaidi.

Basi ule utamu wa "aah, nimeelewa" mbele ya mwalimu hodari, au mbele ya video kwenye simu, si ushahidi wa kuelewa. Na uchungu wa kukwama si ushahidi wa ujinga. Mara nyingi ndio wakati elimu inaingia. Kijana asiyeambiwa hivi atazifasiri hisia zake kinyume, atakimbilia panapompa raha na kupakimbia panapomfunza. Watafiti hao waliona pia kwamba wanafunzi wakielezwa jambo hili mapema, huanza kuikubali ile njia ngumu. Kwa hivyo kumwambia tu kijana kwamba ugumu ni wa kawaida kuna faida.

Nisiwasahau mabinti zetu. Mtoto wa kike aketiye katika darasa la uhandisi lenye wavulana watupu huwa na mzigo wa ziada: akikosea, aona amekosea kwa niaba ya wanawake wote. Katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wanafunzi wa fizikia robo saa, mara mbili katika muhula, waandike juu ya mambo wanayoyathamini maishani, kama familia au urafiki. Hakukuwa na neno la fizikia humo. Pengo la alama kati ya wavulana na wasichana lilipungua. Majaribio ya baadaye hayakuleta matokeo hayo kila mahali, kwa hivyo siwauzii kama dawa. Ila lanitosha kwamba namna binti anavyojiona akiingia darasani yaweza kuonekana kwenye alama zake.

Tulichofanya

Mpwa wangu alikuwa na wiki saba kabla ya mtihani wa marudio. Tulikubaliana mambo manne tu.

Kwanza, maswali matatu kwa siku, wala si ishirini. Kila swali dakika ishirini bila simu. Akikwama, aandike sentensi moja: nimekwama hapa, kwa sababu hii. Baada ya hapo ruhusa kuuliza, kutazama kitabu au kumpigia mwenzake.

Pili, daftari la makosa, mbali na daftari la hesabu. Kila kosa mistari mitatu: nilifikiri nini, kweli ni ipi, nitalitambuaje nikikutana nalo tena. Ile nazi ya kilomita 720 ndiyo iliyofungua ukurasa wa kwanza.

Tatu, kila Ijumaa alasiri aje kwangu anifundishe mimi jambo moja, kwa Kiswahili. Hili la lugha sikulifanya kwa mapambo. Akisema kwa Kiingereza, maneno ya kitabu humficha, huyatiririsha tu na kila kitu chaonekana sawa. Akisema kwa lugha ya nyumbani hana pa kujificha. Alipotaka kunieleza msuguano akakwama katikati ya sentensi, sote wawili tuliona pale pale shimo liko wapi.

Nne, ile karatasi ya 29. Siku ya tatu nilimwomba tuipitie, swali kwa swali. Alisita sana. Nikamsimulia habari ya godoro langu, nadhani hakuwa akiijua. Tuliipitia siku mbili. Katika alama 71 alizokosa, tulihesabu zaidi ya 20 zilizopotea kwa makosa ya aina mbili tu: kutochora mchoro, na kuchanganya kasi na mabadiliko ya kasi. Baada ya hapo sikumsikia tena akisema "si yangu". Akaanza kusema "sijui kuchora nguvu kwenye mteremko", na hilo ni jambo ambalo mtu aweza kulifanyia kazi.

Alipata 51. Sitasema ni miujiza, wala wiki zote hazikuwa nzuri. Wiki ya tatu hakuja kabisa, na mama yake alidhani ameacha. Sasa yuko mwaka wa pili, fizikia bado yamtoa jasho, na asema grupu la WhatsApp lingali hai, ila yeye hulifungua baada ya kukwama.

Kwa wazazi

Wazazi wengi watasema wao hawajui fizikia, watasaidiaje? Dada yangu hajui hata fomula moja. Lakini alibadilisha swali lake. Zamani akipiga simu chuoni alikuwa akiuliza, "Umepata ngapi?" Sasa auliza, "Wiki hii umekwama wapi?" Mwanawe ananiambia swali la kwanza lilikuwa likimfanya aseme uwongo, la pili lamfanya azungumze.

Nawe kijana, kama una karatasi uliyoikunja ukaificha mahali, itoe. Mficha uchi hazai, walisema wazee wetu. Keti nayo pamoja na mtu unayemwamini, mchukue kosa moja kwa siku. Alama iliyoandikwa juu yake imeshapita, lakini yaliyomo ndani bado yana kazi ya kukufunza.